Waliniaga Nikiwa Hai

Jina langu ni Kuresha. Umri wangu siujui kwa namba, na nimechoka kuulizwa. Waitaliano walipoingia kwetu Buna, kule Wajir, wakati wa vita, nilikuwa tayari nimezaa mara tatu na kuzika mmoja, basi anayetaka kuhesabu na ahesabu. Siandiki mwenyewe. Anayeandika ni mjukuu wangu Hodan, ambaye ni mwalimu, na nimemwambia asipunguze makali ya maneno yangu kwa kunionea haya. Nasema haya kwa ajili ya wazee wenzangu na watu wanaoishi nao. Nimepona. Hasira haijapona.

Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa polisi. Alipohamishiwa Garissa tulikaa miaka mingi kwenye nyumba za laini za polisi, jirani na wanawake wa Kipokomo na wa Kikamba. Kiswahili changu nilikipata kwao. Wasomali wengi wa rika langu husema "bole" kwa pole na "fiatu" kwa viatu. Mimi nilichekwa kisimani mpaka ulimi ukanyooka. Nalitaja hili kwa sababu baadaye watu walizungumza juu ya kichwa changu kwa Kiswahili, wakidhani wanazungumza juu ya gunia.

Mume alipofariki nilibaki hapa Garissa na binti yangu Sahara, ambaye huuza maziwa ya ngamia sokoni. Wanangu wa kiume waliobaki ni wawili. Mkubwa ni Issack, mfanyabiashara wa mifugo, na makazi yake ni Takaba, mbali kule Mandera. Mdogo ni Adan, ana duka la nguo hapa mjini. Adan ni mpole. Nilipokuwa kijana niliomba nipate mtoto mpole, nami sikujua ninachoomba.

Uvimbe ulianza kinenani, upande wa kulia, mdogo kama kokwa ya tende. Nikilala unarudi ndani. Nikiinama kupuliza moto unatoka. Sikuuficha, ingawa mahali penyewe ni pa aibu. Nilikwenda zahanati, nikamwambia mhudumu, nikamwonyesha. Akaniambia, "Ni uzee, mama." Akanipa vidonge vya maumivu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempelekea macho yangu, akasema ni uzee. Nikampelekea magoti, akasema ni uzee. Siku hizi nikimsikia mtu akimjibu mzee hivyo, natamani kumrushia kiatu. Uzee ninao tangu zamani, naujua. Nilichokwenda kuuliza ni uvimbe.

Ilikuwa jilaal, kile kiangazi chetu kinachokausha mpaka mate, na Idi ilikuwa imepita. Asubuhi moja niliinua mtungi wa maji uliojaa nusu tu. Uvimbe ukatoka, mkubwa, na safari hiyo haukurudi. Nilijilaza, nikausukuma kwa kiganja kama nilivyozoea. Ulikuwa mgumu kama jiwe na uliniuma mpaka nikaona giza. Adhuhuri nikaanza kutapika. Kwanza nilitapika chai, kisha maji ya kijani, na kesho yake vilivyotoka mdomoni mwangu vilikuwa na harufu ya choo. Sahara alinifuta bila kugeuza uso. Tumbo lilijaa kama la mjamzito. Sikupata choo wala hewa.

Majirani walileta tangawizi na habasoda. Nashukuru nia yao. Lakini wewe unayesoma, kama mtu wako ana uvimbe wa namna hii, umekwama nje, umekuwa mgumu na anatapika, usichemshe kitu. Mpeleke akapasuliwe. Kila saa unayokaa unachemsha, utumbo unakufa humo ndani.

Sahara alimlazimisha jirani mwenye pikapu anipeleke hospitali. Jina la hospitali sitalitaja. Ilikuwa ndogo, ya msaada, siku hizi imekwishafungwa, na hasira yangu si ya jengo. Kulikuwa na veranda ndefu yenye benchi moja, na watu wengine wote walikaa chini. Nililazwa kwenye mkeka karibu na ukuta. Wenye watoto wachanga wenye homa waliingia kwanza, na sikuwa na neno juu ya hilo. Kisha akaingia kijana aliyevunjika mkono. Kisha akaingia mwanamume aliyekuja kwa sababu ya jino. Kila Sahara alipouliza, aliyekuwa mlangoni alijibu, "Mama mzee asubiri kidogo." Jua lilihama kutoka miguuni mwangu likafika kifuani. Nilimtazama yule wa jino akitoka, ameshika shavu, anacheka na mwenzake.

Daktari alikuwa kijana wa bara, ana miwani na mikono safi. Aliniminya kinenani mara moja, akajua. Hilo nampa. Akaagiza nitiwe mpira puani mpaka tumboni na maji ya mshipa mkononi. Mpira ulipopita kooni nilidhani nanyongwa, lakini tumbo likapungua na kutapika kukaisha. Kisha akamgeukia Adan, ambaye alikuwa amefunga duka na kuja.

"Utumbo umebanwa," akasema. "Dawa yake ni kisu tu. Ana miaka mingapi?"

"Themanini na kitu," Adan akasema. "Au tisini."

Daktari akavuta pumzi. "Kwa umri huo, tukimpasua anaweza kubaki palepale mezani. Tusipompasua pia ataenda. Sasa nyinyi mnataka nini?"

Alimuuliza Adan. Sahara alikuwa amesimama karibu zaidi, na hakuulizwa. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao, nimefumbua macho, na mkono wa daktari ulikuwa bado juu ya tumbo langu.

"Pasua," Sahara akasema.

Daktari hakumgeukia. Alikuwa akimngoja Adan, na Adan alikuwa akitazama viatu vyake. Mwishowe Adan akasema, "Lazima nimuulize kaka yangu. Nikikubali na mama akafa, nitamwambia nini Issack?"

"Haraka basi," daktari akasema, akaenda zake.

Nilitaka kusema. Mpira ulikuwa kooni, ulimi umekauka, na kila nilipovuta pumzi maumivu yalinitangulia. Nilishika shuka nikaivuta. Nesi akadhani nasikia baridi, akanifunika.

Siku hizo simu haikufika Takaba. Kulikuwa na taar, ile redio ya wafanyabiashara ambayo unaongea na kila anayesikiliza anasikia. Adan na Sahara walikwenda kwenye duka la taar pale sokoni. Yaliyotokea huko alinisimulia Sahara baadaye, na alinisimulia mara moja tu kwa sababu sikutaka kuyasikia mara ya pili. Duka lilikuwa limejaa watu wanaongoja bei za ngamia. Ilibidi Issack akaitwe mnadani, na walipomngoja watu wengine waliendelea na biashara zao. Hatimaye sauti yake ikaja.

"Hooyo, mama, yuko vipi? Ova."

Adan akaeleza. Ilimbidi apaze sauti, basi soko zima la Garissa, na Wajir, na Mandera, likasikia habari za kinena changu na choo changu. Mimi ambaye tangu nivunje ungo sijamwonyesha mtu goti ila kwa tiba.

Issack akasema, "Mama amekula siku zake, alhamdulillahi. Msimkate. Mrudisheni nyumbani asomewe Yasin, afe na heshima yake. Mimi naanza safari. Ova."

Sahara akamnyang'anya Adan kile cha kusemea. "Issack, mama anatutazama. Ana akili zake zote. Muulizeni yeye."

Redio ikakoroma. Kisha ikaingia sauti ya mtu wa Banissa, asiyetujua wala sisi hatumjui, aliyekuwa anasikiliza tu. Akasema kwa upole, "Mungu amrehemu." Na watu waliokuwa dukani wakaitikia amina.

Kwa hiyo watu wa Banissa walinizika mapema kuliko wote.

Walirudi hospitali, na Adan akamwambia daktari kwamba familia imeamua. Daktari hakubisha. Nimefikiri sana juu ya hilo. Hakusema "ngoja," wala hakukaa na Adan dakika moja kumweleza kufa kwa utumbo uliooza kukoje. Nadhani alifurahi kuondolewa mzigo. Kama ningekuwa na miaka thelathini angewafuata mpaka barabarani. Nesi alichomoa mpira puani polepole na kusema pole, nami nikarudishwa nyumbani kwenye pikapu ileile.

Nyumbani nilikuta mkeka mpya umetandikwa. Wanawake wa bulla yetu, mtaa wetu, walikuwa wamekwishakaa ukutani, na ubani unafuka. Mpira ulipotoka tumbo lilianza kujaa upya. Niliomba maji. Wakanipaka pamba yenye maji midomoni, kama wanavyofanyiwa wanaokata roho. Nikaomba tena, wakanipaka tena.

Halafu wakaanza kuniaga. Kwetu mtu akiwa njiani kwenda, watu humjia mmoja mmoja kuomba msamaha, ili asiondoke na deni la moyo. Ni desturi nzuri kama mtu kweli anaondoka. Jirani yangu Habiba aliinama sikioni akalia. "Eedo, shangazi, nisamehe. Yule mbuzi wako mweusi aliyepotea mwaka wa mvua, tulimla sisi." Nilikuwa nimemtafuta mbuzi yule siku nyingi, na Habiba mwenyewe alitembea nami tukimtafuta. Mwingine akaniomba msamaha kwa maneno aliyoyasema juu ya Sahara. Hata sikujua kwamba aliyasema. Adan alipiga magoti akasema, "Hooyo, nisamehe kwa yote," na machozi yake yakaniangukia mkononi.

Nilikuwa ninawaka. Sijui kama ninyi mmewahi kuwa na hasira mkiwa hamuwezi kuinua shingo. Inakaa mwilini bila pa kwenda. Wote walikuwa wananipenda, na wote walikuwa wanafanya haraka.

Sheikh wa msikiti wetu alikaa kichwani pangu akaanza kusoma. Alikuwa mtu mzima wa makamo, ana kikohozi. Ninaipenda sura ile, naijua kwa moyo. Alipofika katikati nilimshika pindo la kanzu.

"Sheikh," nikasema. Sauti ilitoka kama ya chura. "Nyamaza kidogo."

Akanyamaza.

"Niulize nataka nini."

Alimtazama Adan, kisha akanitazama. "Unataka nini, mama?"

"Nataka kupasuliwa."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Adan akasema, "Hooyo, ni maumivu yanayokusemesha."

"Ndiyo," nikasema. "Ni maumivu. Ulidhani ni nini?"

Sheikh akafunga msahafu. "Mimi niliitwa kumsomea mtu anayekufa," akasema. "Huyu anazungumza." Akaenda mlangoni, akavaa viatu vyake, akatoka.

Sahara hakungoja ruhusa ya mtu. Pikapu ilikuwa imeondoka, basi akamsimamisha muuza maji barabarani, akamwambia ateremshe mapipa, na wanawake walewale waliokuwa wananiaga wakanibeba kwenye gari la punda. Habiba ndiye aliyeshika miguu yangu. Kila jiwe la barabara ya Garissa nililisikia kinenani. Adan alitembea kando ya gurudumu analia. Nilimsikia, wala sikumtazama.

Daktari alikuwa anakula chapati chini ya veranda tulipoingia. Alisimama na kumtazama Adan. "Mmebadilisha nia?"

"Wewe," nikamwita. "Zungumza na mimi."

Akageuka. "Mama, unajua Kiswahili?"

"Nilikijua kabla hujazaliwa. Asubuhi ulipouliza watu wanataka nini nilikusikia. Mimi nataka unipasue."

Aliinama, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake nyuma ya miwani. "Mama, nikueleze ukweli. Unaweza kufa."

"Hilo nimeambiwa tangu asubuhi na watu wengi. Niambie jingine. Naweza kupona?"

Alifikiri. "Unaweza," akasema. "Si rahisi. Lakini unaweza."

"Basi."

"Nani atatia sahihi?" akauliza, na bila kujijua akamtazama tena Adan.

Nikainua mkono. "Tumbo la nani? Lete wino."

Nilitia kidole changu. Adan alisimama tu. Nilidhani angalau angenishikia kile kibao cha kuandikia, lakini alikishika Sahara.

Walinichoma sindano ya mgongoni, kuanzia kiunoni nikawa sina mwili, ila macho na masikio yalibaki. Walining'iniza kitambaa cha kijani mbele ya uso ili nisione. Niliona kitambaa na taa. Nilisikia vyuma, na nzi mmoja, na daktari akimwambia mwenzake, "Tazama hapa. Kipande hiki kimekufa." Harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu yangu mwenyewe. Nilisoma shahada tena na tena, kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika na mikono yangu ilikuwa imefungwa. Aliyekaa kichwani pangu alikuwa akinifuta jasho kwa kiganja, bila kitambaa, na hakusema chochote. Sijui jina lake. Mkono wake nitaujua.

Wakakata kipande kilichooza, wakaunganisha vilivyobaki, wakanishona.

Siku zilizofuata sizikumbuki zote, na ninazozikumbuka si za kweli. Niliwaona mbuzi wa baba yangu wakipita kati ya vitanda vya wodi. Nilimwita Sahara kwa jina la mtoto niliyemzika. Nilijaribu kung'oa mpira wa puani na wa mkojo, nikamuuma nesi. Adan aliamini kisu kimeniharibu akili, na akamwambia Sahara, "Ndiyo haya uliyoyataka?" Kwa neno hilo Sahara alikaa bila kuzungumza naye mpaka mvua ziliponyesha. Hakuna aliyewaambia kwamba mzee akipasuliwa huweza kuchanganyikiwa siku chache kisha akarudi. Mimi ninawaambia. Mshikeni mkono, mwiteni jina lake, mwambieni ni mchana au usiku. Anarudi. Mimi nilirudi asubuhi moja nikamkuta Sahara amelala sakafuni chini ya kitanda changu, kichwa juu ya kiatu, nikamuuliza kwa nini hajaenda kuuza maziwa.

Baada ya hapo wodi nzima ikaanza kungoja nijambe. Naomba radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpaka utumbo uamke na kutoa hewa, sikuruhusiwa kula wala kunywa. Kila asubuhi daktari alisimama mbele ya vitanda vyote na kuuliza kwa sauti, "Mama, umetoa hewa?" Mimi, mjane wa heshima, mbele ya wajukuu. Mama mmoja wa kambi za Dadaab, aliyelazwa kitanda cha pili na mguu uliovimba, aliniambia, "Bole, abaayo, dada yangu. Itakuja." Ilikuja wakati wa adhuhuri. Yeye ndiye aliyesikia kwanza, akasema alhamdulillahi, na wodi ikaitikia kama msikitini. Nikapewa vijiko vya maji, kisha uji mwepesi. Uji ule ulikuwa hauna sukari na sijawahi kula kitu kitamu kama hicho.

Issack alifika siku za uji. Njia ilikuwa mbaya kwa ajili ya majambazi, na magari yalikuwa yakingojana ili yatembee pamoja na polisi, kwa hiyo alikaa njiani siku nyingi akiamini mimi niko kaburini. Aliingia wodini na vumbi hadi kwenye kope, kwapani ana kifurushi. Nilijua ni nini kabla hajakiweka chini. Kitambaa cheupe, alikinunua Wajir, endapo mazishi yangekuwa yamecheleweshwa. Alitafuta kizuri. Issack hajawahi kunipa kitu duni.

Aliponiona nimeketi, kijiko mkononi, akakaa sakafuni.

"Hooyo," akasema, "nilikuhurumia. Sikutaka ukatwekatwe na kijana asiyekujua."

"Huruma yako ilikuwa inanizika, Issack."

"Nilidhani umechoka. Umeishi sana."

"Uliniuliza kama nimechoka?"

Ana mvi yeye mwenyewe, ana wajukuu. Alichukua bakuli akataka kunilisha, nikamwachia anilishe kwa kuwa nilikuwa na njaa. Watu wa wodi waliona mama na mwana wamepatana. Hatukupatana. Nilikula uji tu.

Kidonda kilioza pembeni. Kilifunguliwa, kikawa kinaoshwa kila siku na maji ya chumvi, na kuoshwa kule kuliniuma kuliko kisu. Mgongoni nilipata donda la kulala. Nilikonda hadi pete ya ndoa ikaanguka yenyewe. Nywele zilikatika. Mapaja yangu, yaliyonibeba kutoka Buna mpaka Wajir kwa miguu nikiwa msichana, yakawa ngozi tupu, na nilipotia mguu chini mara ya kwanza haukujua kazi yake. Sahara alinibeba kwenda msalani mpaka mgongo wake ukaharibika, na haujapona mpaka leo. Wanangu walileta matunda. Matunda nilikuwa siwezi kula.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alileta madaktari wengine wawili waje kunitazama. "Huyu mama ametushangaza," akawaambia. Nilimwambia sikupona ili nimshangaze mtu. Nikamwambia, "Ungeniuliza mimi asubuhi ile, ningekwenda nyumbani na utumbo wangu wote." Wenzake walitazama pembeni. Yeye hakutazama pembeni. Alisema, "Kweli, mama." Hilo pia nampa.

Mvua za gu, masika yetu, zilininyeshea nikijifunza kutembea uani kwa fimbo. Nilitembea mpaka kwenye chungu, kisha mpaka mlangoni, kisha mpaka kwa Habiba, ambako nilimkumbusha kwamba sikuwa nimemsamehe yule mbuzi. Alileta mwingine wiki hiyohiyo, jike, mwenye mimba. Issack alituma salamu kwenye taar, na kila mara aliuliza, "Mama anataka nini?" Adan huja kila jioni akakaa mlangoni. Siku moja alisema, "Hooyo, niliogopa." Nilimwambia najua. Nikamwambia pia kwamba kuogopa kwake kulikaribia kuniua, na kwamba ataishi nako, kama mimi ninavyoishi na kovu. Sahara alisema nimekuwa mkali mno. Labda.

Nilidhani habari yangu imeishia hapo, nami ningeimalizia kwa kuwaambia wapasueni wazee wenu, na msimsikilize mtu. Lakini jilaal iliyofuata waliniita tena hospitali ileile. Kulikuwa na mama mmoja ameletwa kutoka Buna, jina lake Abdiyo, rika langu hasa. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Wanawe walikuwa wamesikia habari yangu na hawakutaka kufanya kosa la wanangu. Walitaka apasuliwe siku hiyohiyo, na mama yao alikuwa anakataa. Waliniomba nikamshawishi.

Nilikwenda nikijua ninachokwenda kufanya. Niliwatoa wote nje, nikakaa kitandani pake. Tulikumbushana kisima cha Buna na watu waliokufa zamani. Kisha nikamuuliza anataka nini.

"Abaayo, habari yako nimeisikia," akasema. "Wewe ulitaka. Mimi sitaki. Nataka kulala nje kwangu, nisikie kengele za ngamia wakirudi."

Nilimbishia. Nilimwambia maumivu yatakuwaje. Alisema anajua. Nilifunua nguo nikamwonyesha kovu langu, ambalo hata Sahara simwonyeshi. Alipitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho.

"Limepona vizuri," akasema. "Lakini sitaki langu."

Nilitoka nje. Mwanawe mkubwa alikuwa ananingoja na daktari mwingine, mgeni, amekwishavaa nguo za kijani. "Amekubali?" mwana akauliza.

"Hapana."

"Basi tutamwamulia sisi. Amelemewa na maumivu, hajui anachosema."

Niliyajua maneno hayo. Nilisimama mlangoni, nikaweka fimbo kati ya miimo miwili. "Ameulizwa," nikasema. "Amejibu. Mpeni dawa ya maumivu mkampeleke kwake."

Mwanamume yule alinitazama kwa uchungu mkubwa. "Wewe ulipasuliwa ukapona. Kwa nini unamnyima mama yetu?"

Sikutoka mlangoni ila kumpisha daktari. Aliingia bila wanawe, akamuuliza Abdiyo mwenyewe kupitia kwangu, na nikamfasiria kila neno bila kuongeza langu. Jioni walimpandisha kwenye gari wakaelekea Wajir na kuendelea Buna. Alifika. Alilala nje kwake, na kabla ya mwezi kuandama taar ikaleta habari ya msiba.

Siku ile gari lilipoondoka nilirudi nyumbani kwa miguu, na fimbo yangu, njia nzima nikiwa na hasira. Nilikuwa na hasira na wanawe na wanangu, na yule wa zahanati, na mtu wa Banissa. Na nilikuwa na hasira na Abdiyo pia, kwa sababu alikuwa na haki.